Mkandarasi Hafungiwi kwa Kipaza Sauti

Mnaijua picha hiyo. Msafara umesimama, vumbi halijatulia, kiongozi amevaa kofia ngumu na kizibao cha njano ambacho bado kina mikunjo ya nailoni. Barabara imechelewa. Mkandarasi anaitwa mbele, anaulizwa maswali matatu kwa mpigo, na kabla hajamaliza kujibu la kwanza hukumu imeshatoka: huyu asipewe kazi tena, popote nchini. Makofi. Jioni taarifa ya habari, kesho yake video kwenye makundi yote ya WhatsApp.

Makofi yale nayaelewa. Ukiishi kando ya barabara iliyochimbwa ikaachwa, ukamvusha mgonjwa kwenye matope masika nzima, huna hamu ya kusomewa vifungu vya sheria. Unataka mtu awajibike. Ila kazi yangu mimi ni kuandaa nyaraka za zabuni kwa makandarasi wadogo, wengi wao wa madaraja ya chini pale Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na ukikaa upande huu wa meza mambo yanaonekana vingine. Sipo hapa kuwatetea wababaishaji. Nimeandika kwa sababu naona kabisa kwamba anayefaidi zaidi hukumu ya kipaza sauti ni mbabaishaji mwenyewe.

Nitafika huko. Tuanze na uzito wa adhabu yenyewe, yaani kufungiwa kuomba kazi za serikali, maana wengi wanaichanganya na kuvunjiwa mkataba.

Kuvunjiwa mkataba kunaishia kwenye mradi mmoja. Mshitiri, yaani mwenye kazi, anachukua dhamana ya utendaji, anakata fidia ya ucheleweshaji, mnapelekana kwa mwamuzi au mahakamani, mnamalizana. Kufungiwa kunagusa kazi ambazo bado hazijatangazwa, kwenye taasisi ambazo hujawahi hata kugombana nazo. Kwa kampuni kubwa yenye wateja binafsi ni pigo, lakini itapumua. Kwa mkandarasi wa Daraja la Sita anayeishi kwa kazi za barabara za TARURA, za maji za RUWASA na za halmashauri, serikali ndiyo mteja wake wote. Akifungiwa, benki iliyokuwa ikimpa dhamana ya zabuni inaanza kusita. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha saruji na nondo mpaka hati ya malipo itoke, sasa anataka taslimu. Vibarua wake wanahamia kwa mwingine. Na muda wa adhabu ukiisha, bado kuna matamko ya kujaza kwenye kila zabuni, yanayouliza kama umewahi kuwa na doa la namna hiyo.

Mahakama ya Juu ya India imeshughulikia kesi hizi kwa nusu karne sasa, na imefika mahali inazungumzia adhabu hii kama kifo cha kiraia: mtu yu hai, kampuni yake imesajiliwa, lakini mbele ya dola hayupo. Naipenda mifano ya India kwa sababu mfumo wao wa sheria na wetu vimetoka tumbo moja la Kiingereza, na kwa sababu maofisa wao wanaandika barua zinazofanana na za kwetu mno.

Kesi mama ni ya mwaka 1974, Erusian Equipment dhidi ya Jimbo la West Bengal. Kampuni ile ilikuwa kwenye biashara ya mazao ya mkwinini, mti ule ule ambao Wajerumani waliupanda kule Amani, Usambara, kwa ajili ya dawa ya malaria. Serikali ya jimbo ikaiweka kwenye orodha nyeusi bila kuisikiliza. Hoja ya serikali ndiyo ile utakayoisikia leo kwenye korido ya ofisi yoyote ya ununuzi: sisi ni mteja, na mteja ana hiari ya kuchagua duka. Nisiponunua kwako nimekukosea nini?

Mahakama, chini ya Jaji Mkuu A. N. Ray, ikakubali nusu ya hoja na kuikataa nusu. Kweli, hakuna mtu mwenye haki ya kupewa zabuni. Lakini serikali si mwenye duka wa kawaida. Inanunua kwa fedha za wote, kwa hiyo kila anayestahili ana haki ya kushindana sawa na wenzake, na kumtoa mtu kwenye foleni hiyo ni kumtia doa. Kabla ya kumtia doa, haki ya kawaida kabisa inataka apewe nafasi ya kusema upande wake. Kwangu hilo ndilo jibu la ule mfano wa duka. Mimi nikisusa duka la Mangi mtaani, maduka mengine hayafungi milango kwa sababu yangu. Serikali ikisusa, inasusa na idara zake zote kwa pamoja.

Baada ya hapo usingedhani kesi zitaendelea. Zimeendelea, kwa sababu maofisa walijifunza kuandika barua bila kujifunza kusikiliza. Hapa ndipo panaponigusa zaidi, kwa kuwa barua hizo ninazo kwenye mafaili.

Mwaka 2014 ilifika mahakamani kesi ya Gorkha Security Services, kampuni ya Delhi. Kampuni ilikuwa imeandikiwa barua ya kujieleza, na ilikuwa imejibu. Kwenye makaratasi utasema utaratibu umefuatwa. Tatizo ni kwamba barua ile ilitaja makosa ya mkataba bila kusema popote kwamba adhabu inayofikiriwa ni kufungiwa. Mahakama ikasema barua ya namna hiyo haitoshi: lazima itaje kosa, na lazima itaje, au ionyeshe waziwazi, adhabu inayokusudiwa. Mtu anayejibu tuhuma ya kukatwa fidia hajibu kama mtu anayepigania uhai wa kampuni.

Miaka sita baadaye, Novemba 2020, ikaja UMC Technologies, na hii ina mkasa zaidi. Shirika la Chakula la India liliipa kampuni hiyo kazi ya kuendesha mtihani wa kuajiri walinzi huko Madhya Pradesh. Polisi wakakamata watu wakiwa na maswali ya mtihani kabla ya mtihani. Hasira ya umma unaweza kuifikiria. Shirika likaandika barua ya kujieleza, likavunja mkataba, likaifungia kampuni miaka mitano, na mashirika mengine ya serikali yakaanza nayo kuikimbia. Mahakama ikaitengua adhabu ya kufungiwa, kwa sababu ile ile: barua haikuitaja. Shirika lilijitetea kwamba nyaraka za zabuni zilishasema wazi kwamba mkosaji anaweza kufungiwa. Mahakama ikajibu kwamba kutajwa kwa jumla kwenye nyaraka za zabuni hakuchukui nafasi ya kumwambia mtu huyu, kwa kosa hili, kwamba hiki ndicho tunachotaka kukufanyia.

Kuna watakaosema huo ni ufundi wa mawakili. Basi niwaonyeshe barua ya kwetu. Mteja wangu mmoja, mtu mzima, fundi aliyepanda mwenyewe kutoka kubeba zege mpaka kusajili kampuni, alikuwa na kazi ya barabara ya udongo na makalavati kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Kazi ilichelewa. Hati ya malipo ya kwanza nayo ilikuwa imelala ofisini muda mrefu, na bila hela ile asingeweza kulipia mabomba. Ikaja barua yenye kichwa cha habari KUCHELEWA KWA KAZI, herufi kubwa, imekolezwa. Aya ya mwisho: "Hivyo unatakiwa kujieleza ndani ya siku saba ni kwa nini hatua stahiki zisichukuliwe dhidi yako." Mhuri, sahihi, nakala kwa watu kadhaa.

Hatua stahiki zipi? Fidia ya ucheleweshaji? Kuvunjiwa mkataba? Kupelekwa kwa Bodi? Yeye aliona ni maneno ya kawaida ya ofisi. Akajibu kwa nusu ukurasa: mvua zilikuwa kubwa, anaomba radhi, ataongeza nguvu kazi. Hakuambatanisha barua zake za kudai malipo. Hakuambatanisha kitabu cha saiti, ambamo msimamizi wa mradi mwenyewe alikuwa ameandika siku zilizopotea kwa mvua. Angejua kinachopimwa ni jina lake, angeleta kabati zima.

Kazi aliimaliza, akalipwa. Lakini tangu hapo kila zabuni ya pale aliyoomba ilikwama. Siku moja ofisa mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, jina lako lina shida." Akaja kwangu, akakaa, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Dada, nimefungiwa au sijafungiwa?"

Tukaangalia orodha ya waliofungiwa ya PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Hayumo. Hakuna barua ya uamuzi, hakuna tarehe ya kuanza wala ya kuisha. Na kwa kuwa hakuna uamuzi, hakuna cha kukatia rufaa. Kufungiwa rasmi angalau kuna mlango wa kutokea. Huku kwa kunong'ona hakuna mlango kwa sababu hakuna ukuta unaoonekana, na mimi nahesabu hicho kuwa kibaya zaidi ya orodha nyeusi yenyewe, ingawa hakitamkwi kwenye semina yoyote ya ununuzi niliyowahi kukaa. Tulimwandikia ofisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa halmashauri ile, kuomba sababu kwa maandishi. Jibu lilichukua muda, lakini lilikuja: halmashauri haina kumbukumbu ya kumzuia. Karatasi hiyo sasa anaitunza pamoja na leseni zake.

Na sheria yetu si mbovu katika hili, ndiyo maana inaniuma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6)(a), inasema haki na wajibu wa mtu zinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo atakuwa na haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Chombo kinginecho. Waandishi hawakuishia kwenye mahakama. Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ilikwishasema kwamba kwa Tanzania haki ya kusikilizwa si desturi tu ya sheria tuliyoirithi, ni haki ya kikatiba. Na kwenye shauri la Abbas Sherally la mwaka 2002 ilikwenda mbali zaidi: uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mtu unabatilishwa hata kama angesikilizwa na uamuzi ukawa ule ule.

Irudie sentensi hiyo ukiwa ofisa ununuzi. Hata kama una haki. Hata kama zege lilikuwa bovu na unao ushahidi. Usipomsikiliza, umeharibu kesi yako mwenyewe.

Kwenye ununuzi wa umma utaratibu umetenganisha kofia: taasisi nunuzi inapendekeza, PPRA inamtaka mzabuni ajibu kisha inaamua, na asiyeridhika anakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Utenganisho huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Migogoro mingi ya ujenzi wa serikali ina madeni pande zote mbili. Mkandarasi kachelewesha kazi, mshitiri kachelewesha malipo, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Ukimpa mmoja wao rungu la kumfungia mwenzake, umemfanya mdaiwa kuwa hakimu wa mdai wake. Mahakama ya Juu ya India iligusa jambo hili Agosti 2024, kwenye kesi ya kampuni ya mabango ya matangazo, Blue Dreamz, dhidi ya Manispaa ya Kolkata. Pande zote zilikuwa na hoja za kweli kuhusu nani alivunja mkataba. Mahakama ikasema mgogoro wa kawaida wa kimkataba haufai kutatuliwa kwa kumfungia mtu miaka mitano. Kufungiwa ni kwa makosa mazito.

Wakenya wana Ibara ya 47 ya Katiba yao ya 2010, inayodai hatua za kiutawala ziwe za haki na sababu zitolewe kwa maandishi. Sheria yao ya ununuzi ya mwaka 2015 nayo imeorodhesha makosa ya kufungiwa, kuanzia kudanganya sifa mpaka utendaji duni. Lakini inaweka kima cha chini cha adhabu kuwa miaka mitatu, na hapo sikubaliani nao. Aliyeghushi vyeti na aliyechelewesha darasa moja la shule hawafanani. Ukiweka sakafu ya juu hivyo, mwamuzi mwenye huruma atamwachia kabisa yule mdogo, na mwamuzi asiye na huruma atammaliza. India, kwenye kesi ya Kulja Industries ya 2013, hata kampuni iliyokuwa imelipwa mara mbili kwa hila za ndani haikuachwa ifungiwe milele. Mahakama ilirudisha suala lipimwe upya, muda ulingane na kosa.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Unapofukua miili hukai kuhesabu siku za kujieleza. Watu wanauliza: huyu anayedaiwa kujenga vibaya aendelee kuomba kazi wakati ninyi mnabadilishana barua?

Hapana. Kuna kitu kinaitwa kusimamishwa kwa muda, na kipo kwenye mifumo yote iliyokomaa. Benki ya Dunia, kwa mfano, inaweza kumsimamisha mzabuni tangu pale anapopewa hati ya tuhuma nzito, huku akiandaa utetezi wake. Hati hiyo inakuja na ushahidi na adhabu inayopendekezwa. Anajibu kwa ofisa wa kwanza, na asiporidhika anakwenda kwenye bodi ya vikwazo. Kipimo cha ushahidi si kile cha kesi ya jinai. Inatosha ionekane tuhuma ina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Na tangu Aprili 2010, ukifungiwa na Benki ya Dunia zaidi ya mwaka mmoja, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine tatu za maendeleo nazo zinakufungia. Adhabu kali, ya haraka, na ya haki, vyote kwa pamoja. Inawezekana.

Hapa mtu ataniletea habari ya daraja la Padma. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilifuta mkopo wa dola bilioni 1.2 kwa Bangladesh kwa madai ya rushwa. Mwaka uliofuata SNC-Lavalin, kampuni ya uhandisi ya Kanada iliyotajwa kwenye madai hayo, na kampuni tanzu zake zaidi ya mia zikafungiwa miaka kumi. Februari 2017 jaji wa Ontario akawaachia huru washtakiwa wa sakata hilo, baada ya kukataa ushahidi wa simu zilizorekodiwa, akisema maombi ya kuzinasa yalijengwa juu ya dhana, uvumi na umbea. Bangladesh ikajenga daraja kwa fedha zake na kulifungua Juni 2022. Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba kampuni ilionewa. Mimi sikubali moja kwa moja. Kampuni ilifungiwa kwa makubaliano iliyoyasaini yenyewe, na tuhuma za mradi mwingine huko Kambodia zilikuwemo pia. Mahakama ya jinai ilikuwa inahukumu watu binafsi kwa kipimo kikali zaidi. Matokeo yote mawili yanaweza kusimama. Ninachokiona mimi pale ni kwamba adhabu ilibaki imesimama kwa sababu ilikuwa na maandishi nyuma yake. Ingekuwa tamko la mtu mmoja mbele ya kamera, siku ya hukumu ile ingeporomoka.

Ndiyo nirudi kwa mbabaishaji niliyewaahidi. Mtu wa aina hiyo, akitangazwa saiti kwamba asipewe kazi, anafanya mambo mawili. Kwanza anamtafuta wakili mzuri, kwa sababu fedha anazo, na wakili anakwenda Mahakama Kuu na hoja moja tu: mteja wangu hakusikilizwa. Hiyo hoja inashinda. Zege bovu halizungumzwi kabisa mle ndani. Pili, wakati kesi inaendelea, kampuni inakufa Ijumaa na Jumatatu inazaliwa nyingine, mkurugenzi ni shemeji, greda ni lile lile limepakwa rangi. Mchakato wa haki ndio ungemchelewesha hapo, kwa sababu kumsikiliza mtu vizuri kunakulazimisha kuuliza nani anamiliki nini, mitambo ni ya nani, sahihi ya benki ni ya nani, na kufunga majina ya watu pamoja na jina la kampuni. Tamko la saiti halina muda wa kuuliza hayo. Anayebaki amenasa ni yule fundi wa makalavati, asiye na wakili wala shemeji.

Na kumsikiliza si kumwachia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 India ilikuwa na kesi ya mtu wa Bihar aliyeshinda mnada wa duka la pombe, akashindwa kuweka fedha, akafungiwa bila taarifa. Mahakama ilifuta kufungiwa kwake kwa kurasa chache sana, ikaongeza kwamba serikali iko huru kuanza upya, safari hii kwa kumwandikia kwanza. Barua moja. Hicho tu ndicho kilichokosekana.

Zamani jina la mtu lilizuiwa kwa barua iliyosafiri siku kadhaa kutoka ofisi hadi ofisi. Siku hizi zabuni zetu ziko ndani ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Ombi langu kwa wanaousimamia mfumo ni dogo. Kitufe cha kumfungia mzabuni kisibonyezeke mpaka faili liwe na vitu vinne: barua inayotaja kosa na adhabu inayokusudiwa, uthibitisho kwamba mhusika aliipokea, jibu lake au tarehe ambayo muda wake wa kujibu uliisha, na sababu za uamuzi zenye jina la aliyeamua. Mfumo unaojua kukataa zabuni iliyochelewa dakika moja hautashindwa kukataa uamuzi ambao faili lake halina jibu la mtu.